Udahili wa Walatino vyuo vikubwa Marekani: "kila mtu na bongo zake" inatosha?

Wakuu, naomba tulijadili hili. Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ivikataze vyuo kuangalia rangi ya mwombaji, Juni 2023, Watanzania wenzangu wengi tunaoishi huku wanasema: safi, sasa kila mtu ataingia kwa bongo zake. Wanaongeza kwamba hata Walatino, yaani Wamarekani wenye asili ya Meksiko na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini, hawajaumia, maana Harvard mwaka 2024 walipanda kutoka asilimia 14 ya wanafunzi wapya hadi 16.

Sikubaliani. Mwaka huohuo, kwenye vyuo vingine vikubwa, MIT walishuka kutoka 16 hadi 11, Amherst kutoka 12 hadi 8. Na hiyohiyo Harvard, mwaka uliofuata, wakashuka hadi 11. Na Walatino ni karibu mtu mmoja katika kila watano nchini!

Ila kinachoniuma zaidi si asilimia. Naishi Houston, Texas. Jirani yangu ni fundi rangi kutoka Meksiko, na binti yake kazaliwa hapahapa. Alimaliza sekondari akiwa wa 11 kati ya wanafunzi zaidi ya 400. Jioni moja alikuja kwetu na kompyuta, intaneti ya kwao imekatwa, ajaze fomu ya kuomba msaada wa ada. Akafika panapotakiwa namba ya hifadhi ya jamii ya mzazi, ile ambayo serikali humtambulia mtu. Baba hana makaratasi ya kuishi nchini. Akampigia simu, wakaongea Kispanyola kwa sauti ya chini, kisha akafunga kompyuta na kuomba maji ya kunywa.

Kisheria ana haki ya msaada ule hata kama mzazi hana namba. Hakuna aliyewahi kumwambia. Aliona anakwenda kumchongea baba yake serikalini. Sasa huyu tumwambie nini kuhusu bongo? Bongo anazo.

Mimi naunga mkono njia ya Texas. Kwa sheria ya 1997, aliyemaliza katika asilimia 10 ya juu ya sekondari yake huingia moja kwa moja chuo cha umma cha jimbo. UT Austin, chuo kikuu cha umma kinachogombewa zaidi Texas, kwa wingi wa waombaji, wamebana hadi 6, na kuanzia 2026 ni 5. Kabila haliangaliwi. Mtoto wa Rio Grande Valley, kule mpakani, anapimwa na wenzake waliokaa naye darasa moja, si na wa mtaa wa matajiri Dallas aliyelipiwa mwalimu wa SAT, mtihani wa kuombea chuo. Mwaka 2020 Walatino walifika robo ya wanafunzi wa shahada ya kwanza pale Austin.

Robo haitoshi, kwa kuwa Walatino ni karibu asilimia 40 ya watu wa Texas. Tena sheria hii inazaa matunda kwa sababu watoto wa mitaa tofauti hawasomi pamoja, jambo ambalo lenyewe ni baya. Pingamizi hilo nalikubali. Bado ni afadhali kuliko kumwacha binti kama yule ashindane na taifa zima.

Vyuo binafsi ndiko nakokwama. Vingi bado vinawapendelea watoto wa waliosoma hapo. California imepiga marufuku kuanzia Septemba 2025, majimbo mengi bado. Nyie mnaotetea bongo tupu, hao watoto wa wahitimu mnawaweka wapi? Na waliowahi kujaza fomu zile na familia isiyo na makaratasi, mlifanyaje?