Nimefunga teminali lakini woka wa foleni bado anatuma SMS zenye lipa namba ya zamani

kijana_wa_foleni

Wakuu habari za muda huu, naombeni msaada wa haraka maana hili jambo linagusa hela za watu.

Nina mfumo mdogo wa mikopo niliowatengenezea kikundi kimoja cha kina mama, umeandikwa kwa Laravel (fremuweki ya PHP), uko kwenye VPS (seva ya kukodi) ya Ubuntu 22.04. Kazi yake kubwa ni kuwakumbusha wanachama marejesho kwa SMS, meseji inakuambia umebakiza kiasi gani, mwisho wa kulipa lini na ulipie lipa namba ipi. Sasa wamebadilisha lipa namba, ile ya zamani ilikuwa ya mweka hazina aliyemaliza muda wake. Nikaibadilisha kwenye .env (faili la mipangilio), nikapiga php artisan config:cache ili mipangilio mipya ihifadhiwe, nikatoka, nikaingia tena kwa ssh na kuwasha woka, yaani programu inayochota kazi za kutuma SMS kwenye foleni, kama ninavyofanya siku zote:

```
php artisan queue:work --tries=3 >> /tmp/foleni.log 2>&1 &
exit
```

Kinachonichanganya ni kwamba meseji zingine zinatoka na namba mpya, zingine na ya zamani, ndani ya dakika hiyohiyo, kodi (code) ni ileile na foleni ni ileile. Namba ya zamani nimeitafuta kwa grep kwenye folda nzima haipo, kashe nimefuta, php-fpm nimeiwasha upya, wapi. Nilichokuwa najua mimi ni kwamba ukifunga teminali kila ulichokiwasha humo kinakufa, na kwenye laptopu yangu nikibofya X kweli kinakufa, sasa huku kwenye seva inakuwaje? Kuna jamaa kaniambia nipige `sudo pkill -9 php` (ya kuua prosesi za PHP kwa nguvu) halafu niwashe upya. Nipige? Msaada tutani.

---

mzee_wa_konsoli

Mkuu hiyo pkill iache kwanza, nitakueleza kwa nini. Anza kwa kuangalia, usiue kitu ambacho hujakiona. Piga hii ulete majibu hapa:

```
ps -eo pid,ppid,tty,lstart,stat,cmd | grep '[q]ueue:work'
```

Nina uhakika mkubwa una woka zaidi ya mmoja. Hiyo dalili ya namba mpya na ya zamani kupishana ndani ya dakika moja inasema yenyewe, ingekuwa ni kashe basi zote zingetoka na ya zamani. Hapo kuna wawili wanachota kwenye foleni moja, kila mmoja anabeba kazi anayoiwahi, mmoja anajua lipa namba mpya na mwingine hajawahi kuisikia.

---

kijana_wa_foleni

Dah. Haya mkuu:

```
18342     1 ?   Tue Mar  4 21:07:15 2025 S  php artisan queue:work --tries=3
40977     1 ?   Tue Apr 22 19:48:02 2025 S  php artisan queue:work --tries=3
```

Huyo wa Machi ametoka wapi?? Nimeshaingia na kutoka kwenye hiyo seva mara nyingi sana tangu hapo.

---

mzee_wa_konsoli

Ndio huyo. Sasa soma hizo safu vizuri maana zina kila kitu. TTY yake ni alama ya kuuliza, maana yake hana teminali tena, ile aliyozaliwa nayo ilishaondoka. PPID (namba ya prosesi mzazi) ni 1, yaani mzazi wake bash, ile programu inayopokea amri zako kwenye teminali, alishatoka na systemd, inayosimamia huduma za seva, imemlea. Na tarehe ni ya Machi, kwa hiyo kila alichokisoma kwenye .env na kwenye kodi ni cha siku hiyo. queue:work inasoma kodi na konfigi mara moja tu inapowaka, baada ya hapo inakaa navyo kwenye memori, ukibadilisha faili huku nje yeye hana habari. config:cache yako imeandika faili jipya sawasawa, ila huyu halifungui.

Sasa kwa nini X inaua na exit haiui, hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Ukibofya X teminali ndiyo inayoondoka kwanza, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) inampelekea bash signali ya SIGHUP, yaani taarifa kwamba teminali imekatika, na bash kabla ya kufa anaisambaza kwa kazi zake zote, hata zile ulizozipeleka nyuma kwa alama ya &. PHP ikiipokea hiyo signali inakufa. Lakini ukiandika `exit` mwenyewe, bash anaondoka kwa hiari yake, na akiondoka hivyo kazi za nyuma hazigusi kabisa. Kuna mpangilio wake unaitwa huponexit, piga `shopt huponexit` utaona imeandikwa off, ndivyo inavyokuja. Kerneli nayo bash akiondoka inapeleka SIGHUP kwa kile kilichokuwa mbele ya skrini tu, cha nyuma inakiacha. Kwa hiyo wewe kila ukiwasha kwa & halafu exit, unaacha mtu ndani na kufunga mlango.

Na kitu kingine kilichomsaidia kuishi ni kwamba matokeo yake uliyaelekeza kwenye /tmp/foleni.log. Programu nyingi zikibaki bila teminali zinakufa zikijaribu kuandika kwenye skrini ambayo haipo, huyu alikuwa na pa kuandika.

Kabla hujamuua hakikisha ni wa mfumo wako na si wa mradi mwingine ulio kwenye seva hiyohiyo:

```
sudo ls -l /proc/18342/cwd
```

Ikikuonyesha folda ya mfumo wako basi:

```
kill 18342
```

Bila -9. Subiri kidogo kisha piga ps tena.

---

kijana_wa_foleni

Ni folda yetu mkuu. Nimepiga kill, akakaa kama sekunde chache hivi halafu akapotea. Nimetuma meseji za majaribio nyingi kwa namba yangu na ya dada yangu, zote zimekuja na lipa namba mpya. Asante sana, Mungu akubariki. Ila nieleze hiyo ya -9 maana kila video ninayoangalia wanaanza nayo.

---

dada_seva

Naomba nimjibu mimi hapa maana hii naipigia kelele kila siku kazini.

`kill` bila kitu inapeleka SIGTERM, yaani inamwambia maliza ulichoshika uondoke. Woka wa Laravel, kama PHP yako ina pcntl (kiongezi cha kupokea signali), anaielewa: anamaliza kazi iliyo mkononi kisha anatoka, ndio maana umeona amekaa sekunde chache. -9 ni SIGKILL, hiyo programu haipati hata nafasi ya kuisikia, kerneli inaifuta palepale. Sasa fikiria woka wako ameshampelekea kampuni ya SMS ile meseji na kabla hajaandika kwenye databesi kwamba kazi imeisha ukampiga -9. Ile kazi inabaki imeshikwa na marehemu. Baada ya retry_after (muda wa kusubiri kabla kazi haijachukuliwa tena), ambayo kwa kawaida ni sekunde 90, woka mwingine anaichukua, na kwa kuwa umeweka --tries=3, yaani jaribu hadi mara tatu, anaituma tena. Mama wa watu anapokea meseji mbili za deni moja, anaanza kukupigia simu anadaiwa mara mbili. Na usingeweka tries ingekuwa kinyume chake, kazi inaangukia failed_jobs (jedwali la kazi zilizofeli) wakati meseji ilishatoka, wewe unaona imefeli unaituma kwa mkono. Mambo ya hela hayataki hivyo kaka.

Na hiyo `sudo pkill -9 php` uliyoshauriwa ni hatari kwa sababu nyingine kabisa. pkill haitafuti jina kamili, inatafuta chochote chenye "php" ndani ya jina, kwa hiyo inabeba na php-fpm8.1 inayoendesha tovuti yenyewe. Wanachama wangeona kosa la 502 papo hapo. Na kama kuna kazi ya cron (inayojiendesha kwa ratiba) inaandika ripoti muda huo nayo inakwenda. Ukitaka kutumia pkill tumia -f (inayotafuta kwenye amri nzima) na maneno marefu, na kabla ya hapo piga `pgrep -af 'artisan queue:work'` uone ni nani na nani watakaoguswa.

Kwa Laravel kuna njia ya ustaarabu zaidi, `php artisan queue:restart`. Inaandika muda kwenye kashe, kila woka akimaliza kazi anauangalia, akiona umebadilika anatoka. Ila woka wote lazima wawe wanatumia kashe moja na wewe, na akishatoka hakuna wa kumwasha tena kwa mtindo wako huo wa &.

---

nyota_ya_pwani

Samahani kwa kudandia uzi. Mimi yangu ni kwenye laptopu, nikizima Vite (seva ya majaribio ya tovuti) halafu nikaiwasha kwenye kichupo kingine inaniambia poti 5173 inatumika inaenda 5174. Na ile 5173 nikiifungua kwenye brauza haileti kosa wala ukurasa, inazunguka tu. Nikipiga kill haifi, mpaka -9. Ni tatizo hilohilo?

---

mzee_wa_konsoli

@nyota_ya_pwani unazima kwa Ctrl+C au Ctrl+Z?

---

nyota_ya_pwani

Ctrl+Z. Si zote zinarudisha alama ya kuandika?

---

mzee_wa_konsoli

Hapo ndipo penyewe. Ctrl+C inaimaliza, Ctrl+Z inaigandisha tu. Iko hai kwenye memori, poti ameishika, ila haifanyi kazi, ndio maana brauza inazunguka: kerneli inapokea muunganisho kwa niaba yake lakini hakuna wa kujibu. Ukipiga ps utaona STAT (hali yake) ni T, yaani imesimamishwa. Na kill haifanyi kitu kwa sababu SIGTERM inakaa mlangoni ikisubiri prosesi iamke kwanza. Rudi kwenye kichupo kile ulichobonyezea, piga `fg` kisha Ctrl+C, imeisha. Kama uko teminali nyingine, tafuta PID (namba ya prosesi) kwa `ss -ltnp | grep 5173`, piga `kill` ya hiyo PID halafu `kill -CONT` ya hiyohiyo, itaamka, itaikuta SIGTERM inaisubiri, itaondoka vizuri. -9 huihitaji.

Na kama siku moja utakuta poti imeshikwa na node ambayo hukuigandisha, angalia PPID yake. `npm run dev` inazaa shell na shell inazaa node, mara nyingine unaua npm ya juu na mtoto anabaki. Kwenye laptopu ya Ubuntu yenye GNOME usishangae yatima hao hawana PPID 1, wanalelewa na systemd ya mtumiaji ambayo ina namba nyingine.

---

dada_seva

Kijana, rudi kwako, maana ukiishia kuua huyo wa Machi, mwezi ujao utakuwa na mwingine wa Mei. Woka anayetuma SMS za hela asiwashwe kwa mkono kwenye teminali. nohup na tmux (zana za kuacha kazi iendelee hata teminali ikifungwa) ni nzuri kwa kazi ya kuisha, mfano unahamisha databesi kubwa usiku na unaogopa mtandao kukatika, lakini kwa kitu kinachotakiwa kuwa hai siku zote mpe systemd. Tengeneza /etc/systemd/system/foleni-sms.service:

```
[Unit]
Description=Foleni ya SMS
After=network.target

[Service]
User=www-data
WorkingDirectory=/var/www/mikopo
ExecStart=/usr/bin/php artisan queue:work --tries=3 --max-time=3600
Restart=always
TimeoutStopSec=120

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

WorkingDirectory weka njia yako mwenyewe. Kisha:

```
sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now foleni-sms
```

Huyo wa Aprili muue kwanza kwa kill ya kawaida ili wasiwe wawili tena. Kuanzia hapo kila ukibadilisha kodi au .env unapiga `php artisan config:cache` kisha `sudo systemctl restart foleni-sms` na basi. systemd inawaweka prosesi wote wa huduma kwenye kikundi kimoja cha kerneli, mtoto na mjukuu, hata akijitenga na mzazi wake hatoki kwenye kikundi, kwa hiyo ukisema stop hakuna anayebaki. --max-time=3600 inamtoa woka kila baada ya saa moja na Restart inamrudisha na kodi mpya, kwa hiyo hata ukisahau kuwasha upya, namba ya zamani haiwezi kuishi zaidi ya saa. Logi utaisoma kwa `journalctl -u foleni-sms -f`.

---

kijana_wa_foleni

Nimeweka, inaenda. Nimejaribu hadi kuiwasha upya seva nzima na woka amerudi mwenyewe, mmoja tu. Swali langu la mwisho, nitawajuaje wale waliokwisha kutumiwa namba ya zamani? Kwenye foleni.log nilikuwa naona majina ya kazi na muda tu, namba za simu hakuna.

---

dada_seva

Humo hutazipata, na /tmp yenyewe umeshaiwasha upya seva kwa hiyo imefutwa. Ingia kwenye paneli ya kampuni inayokutumia SMS, wengi wana ripoti ya meseji zilizotoka unaipakua kama CSV. Chuja kwa maandishi ya ile lipa namba ya zamani, kuanzia siku waliyobadilisha. Orodha hiyo mpe mwenyekiti wa kikundi leo leo kabla ya kutuma chochote, yeye ampigie mweka hazina wa zamani wahakiki kama kuna aliyelipa kule, halafu ndio uwatumie masahihisho hao tu, si wanachama wote. Kwenye meseji ya masahihisho andika jina litakalotokea kwenye simu mtu akiweka lipa namba mpya, maana watu wameshaumizwa na matapeli wanaotuma "namba imebadilika", na wako sahihi kuogopa.

---

kijana_wa_foleni

Sawa dada, nimeshaipakua ripoti, nampigia mwenyekiti sasa hivi.