Kinyozi nimeacha kununua gazeti. Nimekosea?

MLETA MADA, Soweto, Mbeya

Wakuu, habari za asubuhi. Nina saluni ya kiume hapa Soweto, viti viwili na benchi moja. Tangu nifungue mwaka 2009 nimekuwa nanunua gazeti kila siku, na Jumamosi naongeza la michezo. Mwezi uliopita nikaacha. Nilipiga hesabu: buku kwa siku ni karibu elfu thelathini kwa mwezi, na wateja wenyewe wakifika benchini kila mtu anainamia simu yake. Hela hiyo nikailipia intaneti, neno la siri nikaliandika ukutani kwa chaki.

Wiki ya kwanza kimya. Ya pili, mzee mmoja mteja wangu wa siku nyingi akauliza gazeti liko wapi. Nikamwonyesha ukuta. Akanyolewa, akalipa, hajarudi mpaka leo, na wenzake wawili wamemfuata.

Na benchi limepoa. Zamani gazeti moja lilikuwa linagawanywa kama mkate: ukurasa wa michezo huku, wa siasa kule, mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anabisha, hata aliye chini ya mashine anachangia nami namwomba asitikise kichwa. Siku hizi kila mtu anacheka peke yake, hujui anacheka nini.

Swali langu: huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, intaneti imeshachukua nafasi ya gazeti au bado? Na sehemu za umma, kama maktaba na ofisi za kata, ziendelee kutumia hela kununua karatasi? Natoa msimamo wangu ili mnishambulie vizuri: habari zimehamia kwenye simu, hazirudi.

KIJANA WA TUNDUMA

Mkuu, unaomba radhi ya nini? Gazeti linachapishwa Dar usiku, linapakiwa kwenye gari, Morogoro, Mikumi, Kitonga, Makambako, likitufikia huku mpakani limebeba matokeo ya mechi niliyoiangalia jana. Goli nimeliona, nimelirudia mara sita, nimegombana na mtu wa Kagera kuhusu ofsaidi, halafu nitoe buku nisome nani alishinda?

Wenye magazeti makubwa duniani wameshaelewa. Newsweek la Marekani lilitoa toleo la mwisho la karatasi Desemba 2012. The Independent la Uingereza likaacha karatasi Machi 2016, likabaki mtandaoni. Sisi tunabembeleza nini? Maktaba inunue kompyuta.

ALIYEKUWA WAKALA, Ipogolo, Iringa

Kamwene wote. Huyo wa Tunduma umetaja nusu: Newsweek lilirudi kwenye karatasi mwaka 2014. Lakini sikutetei wewe wala gazeti, nataka tu niseme kilichoniondoa mimi kwenye biashara, maana nimeuza magazeti hapa njia panda miaka kumi na minne.

Kazi ilikuwa ya alfajiri. Gari halisimami sana, unapokea vifurushi vyako, unahesabu kwa tochi, vijana wanachukua vya kupandisha mjini, vingine unawapa makondakta. Zisizouzwa unarudisha. Sasa lori likilala mlimani Kitonga, kila kitu kinasimama nyuma yake, na gazeti lililotakiwa kunifikia kabla jua halijachomoza linafika saa nane mchana. Gazeti la saa nane ni la nani? Wa kumfikiria ni muuza nyama. Na kweli, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, wauza maandazi na karanga walinitafuta kuliko wasomaji. Mwaka wangu wa mwisho, magazeti ya kilo yalinipa faida kuliko ya kusoma.

Intaneti nilikuwa nayo siku nyingi na niliendelea kuuza. Kilichoanza kunila ni redio na televisheni. Kila asubuhi mtangazaji anawasomea watu gazeti zima bure, mpaka makala ya katikati. Mwaka 2017 Waziri wa Habari, Mwakyembe, akaagiza wasome vichwa vya habari tu, yaliyomo ndani mtu akanunue. Nilifurahi, nikaongeza oda. Wateja niliowasubiri hawakuja! Watu waliridhika na vichwa. Hapo nikajua wengi hawakuwa wakinunua habari, walikuwa wananunua kichwa. Na kichwa siku hizi kinapigwa picha, ukurasa wa mbele unanifikia WhatsApp kabla gari halijavuka Chalinze.

Kinachoniuma mimi ni kingine. Misitu ya Sao Hill hii hapa Mufindi, kiwanda cha karatasi kiko Mgololo, lakini kinajulikana kwa karatasi nzito za kahawia za mifuko, ya kuchapia magazeti inatoka ng'ambo kwa meli. Karatasi inapita mbele ya misonobari yetu ikiwa imeshaandikwa. Siku nyingine tufungue mada yake.

MLETA MADA

Dada wa Ipogolo, asante. Kumbe nilikuwa nanunua kichwa miaka yote hiyo.

KARANI WA WAKILI, Njombe

Mnajadili wasomaji, na gazeti halijawahi kuishi kwa buku ya msomaji. Linaishi kwa matangazo. Kule Vienna, Austria, kulikuwa na gazeti la Wiener Zeitung lililoanza mwaka 1703. Juni 30, 2023 likatoa nakala yake ya mwisho ya kila siku. Lilikuwa linaishi kwa matangazo ambayo makampuni yalilazimishwa na sheria kuyatoa humo. Sheria ikabadilishwa, matangazo yakahamia mtandaoni, na miaka mia tatu ikaisha.

Kwetu je? Mnakumbuka kurasa za zabuni zilivyokuwa zinajaza gazeti? Mwaka huohuo wa 2023 manunuzi ya serikali yakahamishiwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST. Nafasi za kazi serikalini ziko kwenye tovuti ya ajira. Matokeo ya mitihani yako kwenye tovuti ya NECTA. Kila kilichohama kimeondoka na hela yake, ndiyo maana kurasa zimepungua.

Kilichobaki, na hapa ndipo nawaomba msicheke, ni mirathi na hati za viwanja. Mtu akifariki, anayeomba kusimamia mirathi anatangaza. Hati ikipotea, mwenye kuomba nyingine anatangaza, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Tulikuwa na mteja wa Makambako, mama mtu mzima, ambaye ndugu yake alidai hati ya shamba la familia imepotea. Haikupotea, alikuwa nayo mama mwenyewe sandukuni. Tangazo aliliona kwenye kipande cha gazeti kilichofungia maandazi. Ana mafuta mafuta, jina la marehemu mumewe likaonekana. Alikuja ofisini na kile kipande, tukawahi pingamizi siku chache kabla muda haujaisha.

KIJANA WA TUNDUMA

Karani, yaani ulinzi wa ardhi ya nchi hii unategemea maandazi?

KARANI WA WAKILI

Ndiyo. Niambie wewe tovuti ipi ingemfikia yule mama.

KIJANA WA TUNDUMA

Ujumbe wa simu. Kodi wananitumia kwa simu, deni la umeme kwa simu, hata waganga wa kienyeji wananitumia. Tangazo la shamba langu lishindwe kwa nini? Kijiji kina mwenyekiti, kina mtendaji, litumwe huko na libandikwe. Kwa kila mama mmoja aliyenunua maandazi sahihi kuna wangapi walionunua ya kufungiwa ukurasa wa michezo?

(Nakiri hadithi ni nzuri.)

MWALIMU MSTAAFU, Tukuyu

Wanangu, nimesoma yote. Mnalaumu gazeti kwa kuchelewa kana kwamba liliwahi kuwahi. Nilipoanza kazi, miaka ya sabini mwishoni, Uhuru lilinifikia Rungwe likiwa na siku mbili, tatu. Habari tulikuwa tumeshazisikia Redio Tanzania. Bado tulilisubiri. Na huu ubishi wenu si mpya: Mambo Leo, gazeti la serikali ya Waingereza lililoanza mwaka 1923, wasomaji walijibizana humo kwa barua na mashairi, tena kwa vina na mizani. Mtu anatukanwa kwa beti nane, anajibu mwezi unaofuata. Kijana wa Tunduma angesubiri?

Nitawapa sababu yangu ya kutaka maktaba inunue. Mwaka 2012 nilikuwa bado Mufindi. Septemba 2 mwandishi wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, mwenyekiti wa waandishi wa Iringa, aliuawa Nyololo akiwa kazini, mikononi mwa polisi. Maelezo ya kwanza tuliyoyasikia yalitofautiana. Kisha magazeti yakatoa picha iliyopigwa na mpiga picha wa gazeti: Mwangosi katikati, askari wamemzunguka. Baada ya hapo kila mtu alijua anabishania nini. Mwaka 2016 Mahakama Kuu pale Iringa ikamhukumu askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Gazeti lile nililitunza, liko kwenye boksi. Hakuna aliyeweza kuingia chumbani kwangu usiku akabadilisha maneno yake.

KIJANA WA TUNDUMA

Shikamoo mwalimu. Picha ile naikumbuka, nilikuwa shule. Lakini niliiona kwenye simu ya kaka yangu, kabla gazeti halijafika. Karatasi isingenifikia kabisa.

Baada ya kukusoma nimekaa nusu saa natafuta blogu niliyoiona. Haipo. Si picha tu, blogu yenyewe haifunguki. Sijui kama ni kanuni za maudhui za 2018 zilizowataka wenye blogu walipie leseni, au mwenyewe alichoka tu. Hapo nakupa nusu pointi.

Nusu nyingine sitoi, kwa sababu karatasi nayo inafungiwa. MwanaHalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima yalikaa kifungoni mpaka Februari 2022 yaliporudishiwa leseni.

MWALIMU MSTAAFU

Marahaba. Yalifungiwa yasitoke mapya. Ya zamani yalibaki mikononi mwa watu. Oktoba 2024 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipositisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za kampuni ya Mwananchi, gazeti la karatasi tuliendelea kulinunua asubuhi. Sisemi karatasi ina nguvu kuliko simu. Nasema ni vizuri mwenye kufunga mlango awe na milango miwili ya kufunga.

Na nikubali aibu yangu: boksi langu limeliwa. Mvua za Tukuyu mnazijua. Nimelifungua jana nikutafutie tarehe, ukurasa wa kwanza unasomeka, zilizobaki ni ukungu na mkojo wa panya. Ndiyo maana nikasema maktaba, si chumbani kwa mwalimu.

KIJANA WA TUNDUMA

Mwalimu, hicho kilichobaki kipige picha utume. Leo, kabla ya panya wa usiku.

ALIYEKUWA WAKALA

Hahaha. Kwa hiyo karatasi inaokolewa na simu.

KARANI WA WAKILI

Maktaba inunue, ijalidi, na ipige picha. Ofisi za kata mimi naona hapana, huko gazeti linasomwa na bosi mmoja halafu linafunika meza ya chai. Kata ipewe ubao wa matangazo unaofungwa kwa kioo.

MLETA MADA

Nimerudi. Jana jioni baada ya kufunga nilikwenda kwa yule mzee, si mbali. Nilidhani tatizo ni simu, nikamwambia nitamfundisha kusoma gazeti kwenye simu. Akatoa ya kwake mfukoni, simu janja kuliko yangu, mwanawe kamletea. Habari zote anazo. Akaniambia: "Kijana, pale kwako mimi nilikuwa msomaji. Wenzangu macho yamechoka, nawasomea. Sasa kila mtu anajua kila kitu, nikae benchini nifanye nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepiga hesabu ya buku, sikumhesabu yeye.

Msimamo wangu wa mwanzo siufuti: habari ziko kwenye simu. Ila gazeti la saluni halikuwa la habari, na mimi ndiye niliyekuwa sijui. Elfu thelathini kwa mwezi bado siziwezi, intaneti imeshalipiwa na vijana wameizoea. Kwa hiyo tumekubaliana Jumatano na Jumamosi, benchi wachange mia mia, mzee ndiye mshika mfuko, na anasoma kwa sauti. Jumamosi hii anaanza na tahariri, amesema michezo wataisubiri.

KIJANA WA TUNDUMA

Mia yangu niitume kwa namba ipi?

ALIYEKUWA WAKALA

Makato yatazidi hiyo mia, mwanangu. Mpe kondakta.