Beethoven kabla ya Vienna: nianze na kwarteti za piano, okteti au trio?

Msikilizaji_Tanga
Wadau, simfonia za Beethoven nimeshiba. Sasa nautaka muziki wa chemba (wa kikundi kidogo cha ala) alioandika akiwa bado kijana wa Bonn, kabla hajahamia Vienna mwaka 1792. Nimepata kwarteti tatu za piano na ala tatu za nyuzi (WoO 36; WoO na Op. ni namba za orodha ya kazi zake), trio ya piano, fluti na basuni (WoO 37), na okteti ya ala nane za kupuliza (Op. 103). Nianze na ipi?

Kinanda_Mwanza
Kwarteti, mkuu! Aliziandika mwaka 1785, ana miaka 14 tu. Mozart mwenyewe ndiyo kwanza anaandika kwarteti yake ya kwanza ya piano mwaka huohuo, kwa hiyo dogo aliegemea sonata za Mozart za piano na fidla. Shika ya C meja (iliyo katika ufunguo wa C). Sikiliza Adagio yake, yaani sehemu ya polepole, halafu fungua sonata ya piano Op. 2 namba 1, sehemu ya polepole. Wimbo unaoanzia ni uleule! Alikuja kuuchukua kwenye karatasi zake za utotoni akautia kwenye sonata aliyomtunukia Haydn. Mimi hiyo Adagio kila nikiisikia nasimamisha kazi.

Fidla_Unguja
Adagio ni tamu, sibishi. Lakini sisi wapiga nyuzi tunaona piano imetawala mno humo, selo kazi yake kubwa ni kuufuata mkono wa kushoto wa piano. Ukitaka ala zinazojibizana, chukua okteti: obo mbili, klarineti mbili, honi mbili, basuni mbili. Ulikuwa muziki wa kikundi cha wapulizaji wa Maximilian Franz, mtawala wa Bonn. Kwenye Andante, sehemu ya mwendo wa wastani, obo inaimba, basuni inaipokea, mpaka unasahau kuna wengine sita. Na mwaka 1795 aliifumua upya ikawa kwinteti ya ala tano za nyuzi, Op. 4. Zisikilize zote mbili.

Nota_Nairobi
Mbona hamuitaji kwarteti ya E flati? Inafungua na Adagio pana, kisha ghafla Allegro (sehemu ya kasi) ya E flati maina, ufunguo wa giza wenye flati sita, kwa hasira ambayo hukuitegemea kwa mtoto wa umri ule. Mpangilio ameutoa kwenye sonata ya Mozart K. 379 (namba yake katika orodha ya kazi za Mozart): polepole, kisha maina, kisha wimbo mmoja unaorudiwa kwa namna tofautitofauti. Ila moto ni wake. Kwangu hii inaishinda ya C.

Msikilizaji_Tanga
Asanteni sana. Na trio?

Nota_Nairobi
Iweke mwisho, kaka. Aliwaandikia familia ya Westerholt: baba basuni, kijana fluti, binti piano. Inapendeza, lakini haikusukumi popote.

Fidla_Unguja
Hapo tuko pamoja.

Kinanda_Mwanza
Bado nasimama na C meja, kwa sababu ya ile sonata: unamsikia mtu mmoja katika umri mbili. Ukiitafuta utaikuta imeandikwa namba 3. Artaria, wachapishaji wa Vienna, walizichapa kwarteti hizo mwaka 1828, Beethoven ameshafariki, wakatanguliza ya E flati. Kwenye mswada wake mwenyewe ya C ndiyo ya kwanza.