Hatua, kisado na fungu: kipi kifutwe, kipi kibaki?

Wakuu, kila likija suala la vipimo hapa Dar, lawama zinamwangukia mama muuza nyanya. Wengine wanataka fungu na kisado (lile kopo la rangi la lita 4) vipigwe marufuku, kila kitu kipimwe kwa kilo. Wengine wanasema tuachiwe vipimo tulivyovizoea. Mimi nasema hivi: kipimo ambacho muuzaji na mnunuzi wanakiona wote, na hakibadiliki kwa kubadilika anayekishika, kibaki hata kama si cha metriki. Kinachobadilika kwa mwili wa mpimaji kifutwe. Na hapo hakuna kibaya kuliko hatua.

Nenda Chanika, Kigamboni au Mbagala ya ndani kutafuta kiwanja. Utaambiwa "ishirini kwa ishirini". Dalali anatembea, anahesabu, anachomeka vijiti. Karatasi ya mauziano inaandikwa 20 × 20, mashahidi wanasaini, muhuri wa mtaa unagongwa, na mnunuzi anarudi nyumbani akijua ana mita za mraba 400. Lakini hatua ya kawaida ya mtu haifiki mita. Ikiwa ni sentimita 75, kila upande ni mita 15, na kiwanja kizima ni mita za mraba 225. Karibu nusu ya alicholipia hakipo. Atakuja kugundua siku fundi anapotandika msingi na kukosa pa kuchimba shimo la choo.

Kwenye ekari ndiyo hivyo hivyo. Tumezoea kusema ekari ni sabini kwa sabini. Kwa yadi tuko karibu sana: ekari ni yadi za mraba 4,840, na 70 × 70 ni 4,900. Sasa mmoja anasoma hiyo sabini kama mita, mwingine kama hatua zake. Sabini kwa sabini za mita ni mita za mraba 4,900, wakati ekari ni kama 4,047. Tofauti hiyo ni viwanja viwili vya mita 20 kwa 20 na chenji inabaki. Majirani wanaburuzana barazani kwa mpaka ambao hakuna aliyeupima.

Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, nayo ni ndugu yake. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Likishonewa kilemba, mkulima analipwa gunia moja, na madebe ya juu yanakuwa faida ya mwingine.

Fungu ni habari nyingine kabisa. Bei yake haisogei, kinachosogea ni idadi ya nyanya, na mwenye shilingi 500 anaona kwa macho yake analipia nini. Asipolipenda, anahamia meza ya jirani. Tena wazee wetu wa pwani hawakupima ovyo: vibaba vinne vilikuwa pishi moja, na hadi leo zaka ya fitri inatajwa kwa pishi, hata pale mchele unapopimwa kwa kilo. Fundi naye anataka mbao za futi, bomba za inchi na nondo za milimita kwenye nyumba moja, na nyumba inasimama, maana vyote hivyo havibadiliki.

Karibuni.

Jibu la muuza nafaka, Tandale:

Kwenye ardhi niko na wewe, kaka. Kwenye kisado hapana. Mimi nanunua maharage kwa kilo, jirani yangu anauza kwa kisado kilichobonyezwa kitako kwa ndani. Ukiangalia kwa juu kimejaa, kina mlima kabisa, wateja wanakimbilia kwake. Halafu kisado cha mchele na cha dagaa havifanani uzito hata kidogo, mteja atalinganishaje bei? Mizani yangu inakaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika, nalipia. Kopo lake la rangi nani analikagua?

Mleta mada:

Dada, hapo ndipo pa kuanzia. Kisado kikaguliwe na kugongwa alama kama mizani yako, lita 4 kamili, na kilichobonyezwa kichukuliwe. Nafaka kavu zikihamia kwenye kilo sitalia, ila mchicha na nyanya siwezi kukubali mama alazimishwe mizani kwa mtaji wa elfu ishirini.

Ila nguvu ya kwanza naitaka kwenye ardhi, kwa sababu kisado kikikupunja leo kesho unanunua kwingine, kiwanja watu wananunua kimoja maisha yote. Kila ofisi ya serikali ya mtaa iwe na tepu ya mita 50, na karatasi yoyote ya mauziano isiyotaja mita kwa kila upande isigongwe muhuri. Wenyeviti wa mitaa mliomo humu, kipi kinawazuia kuanza wiki hii?