Rula, simu au kipimapembe: kipi kinafaa kupangia pembe za bawa, mkia na injini?

MjengaBawa
Ndugu wanajamvi, nakaribia kugandisha mkia wa ndege yangu ya mfano. Bawa lina upana wa milimita 250 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, na ramani inataka bawa liinuke mbele digrii 2, mkia sifuri, injini ielekee chini digrii 2 na kulia digrii 2. Je, rula na meza iliyonyooka vinatosha, au nitumie simu yenye programu ya kupima pembe, au nitafute kipimapembe cha kubana bawani?

RulaNaUzi
Kwa bawa, rula inatosha kabisa. Tegemeza bodi, yaani kiwiliwili cha ndege, mpaka mstari wa rejea wa kwenye ramani, ule ambao pembe hupimwa kutoka kwake, uwe sambamba na meza, kisha pima kimo cha ukingo wa mbele na cha ukingo wa nyuma. Kwa upana huo digrii 1 ni tofauti ya milimita 4.4, kwa hiyo unatafuta karibu milimita 8.7. Mkia ndio unaonitia wasiwasi, kwani ukiwa na upana wa milimita 120, kosa la milimita 1 tu ni karibu nusu digrii.

FundiPembe
Kuhusu mkia nakubali, na ndiyo sababu napendelea kipimapembe. Vishikio vyake hukamata kingo zote mbili, hivyo husoma mstari unaoziunganisha, ilhali simu iliyobanwa chini ya bawa husoma tumbo. Kwa bawa la umbo la Clark Y, ambalo sehemu kubwa ya tumbo lake imenyooka, mstari huo umeinuka takriban digrii 2 kuliko tumbo. Anayesoma sifuri kwenye simu tayari anazo digrii 2, na akiongeza nyingine 2 ndege itainua pua kila anapoongeza nguvu. Hakikisha kwanza ramani yako imepima kutoka wapi. Kisha usawazishe mkia na kulipima bawa dhidi yake, maana kinachoamua mwendo angani ni tofauti ya hivyo viwili, wala si meza.

MjengaBawa
Ramani imepima kwa mstari wa kingo, basi simu naiacha. Na injini?

RulaNaUzi
Hapo tumia propela. Ilaze mlalo, pima kutoka ncha ya bapa hadi alama iliyo katikati kabisa ya mkia, kisha zungusha bapa lile lile hadi upande wa pili, ili kasoro ya propela isikudanganye. Kwa propela ya milimita 250, digrii 2 za kulia, kwa mtazamo wa rubani, huifanya ncha ya kulia iwe karibu na mkia kwa takriban milimita 8.7 kuliko ya kushoto. Ukihitaji kurekebisha, weka washa (kile kipete bapa cha boliti) nyuma ya kiti cha injini: kwenye boliti za kushoto ili ielekee kulia, na za juu ili ielekee chini. Boliti zikiachana milimita 50, washa ya milimita 1 hubadili pembe kwa digrii 1 na ushei.