Potasiamu inausaidiaje mpunga kwenye jaruba lenye chumvi?

Swali: Wakuu, jaruba lina chumvi na majani ya chini ya mpunga yanakauka kuanzia nchani. Kuongeza potasiamu kutasaidia, au ni kupoteza hela?

Jibu la 1: Peke yake haitoshi. Sodiamu ikiingia kwenye seli za mzizi, chaji hasi ya ndani ya utando inapungua, milango ya kutolea potasiamu inafunguka, nayo inavuja nje. Vimeng'enya (protini zinazoendesha kazi za seli) zaidi ya 50 vinaitegemea potasiamu, na sodiamu haiwezi kushika nafasi yake. Mmea unaostahimili chumvi una pampu zenye nguvu za kutoa nje protoni, chembe zenye chaji chanya: zinarudisha ile chaji hasi, potasiamu inabaki ndani.

Jibu la 2: Kuna pia kisafirishi HKT1;5, protini ya mmea inayopitisha sodiamu. Kinakaa kwenye seli zinazopakana na mirija ya maji na kuinyofoa sodiamu kabla haijafika jani. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 2005 kwenye Nona Bokra, mpunga wa India. Kwa hiyo chagua mbegu inayostahimili chumvi kwanza, mbolea baadaye.

Jibu la 3: Shambani, anza kupima EC ya udongo (kipimo cha chumvi kwa jinsi udongo unavyopitisha umeme), mavuno ya mpunga huanza kushuka ikipita desisiemensi 3 kwa mita. Jaza maji yasiyo na chumvi, kisha yatoe. Bila mfereji wa kutolea, chumvi inarudi juu jua likiwaka. Tumia salfeti ya potasiamu badala ya kloridi, ambayo inaongeza kloridi, iliyomo pia kwenye chumvi unayoikimbia. Gawa mara mbili: wakati wa kupandikiza, na mpunga unapoanza kubeba mimba. Jasi nayo inafaa, kwani kalisiamu yake hupunguza ule uvujaji wa potasiamu mzizini.