Tupeane uzoefu: kununua gari la zamani kutoka kwa ndugu

Ndugu zangu, mjomba wangu ananiuzia gari lake lenye umri wa miaka 17, ambalo amelitumia mwenyewe kwa miaka 11, na bei anayoitaka ni nafuu kuliko ambayo angemtajia mtu baki. Gari nalifahamu, nimelipanda tangu nikiwa mwanafunzi. Kinachonitatiza ni kwamba nikimwambia nataka fundi alikague kwanza, naogopa ataona simwamini. Nikinyamaza, nitakuwa nimelitazama kama mpwa na si kama mnunuzi. Mliokwisha kununua gari kwa shemeji, shangazi au ndugu yeyote, naomba mtueleze ilikuwaje, na hasa ni swali gani mliona haya kuliuliza.

Mchangiaji wa kwanza
Mimi nilinunua kwa shemeji yangu, na swali nililoona haya kuling'ang'ania lilihusu dumu la maji. Kila buti ilipofunguliwa nililikuta humo, dumu la lita 5 limejaa, limefungwa kwa kamba pembeni ili lisianguke. Nilipouliza juu juu, shemeji alisema ni la kunawia mikono, nikaridhika. Wiki ya tatu baada ya gari kuwa langu, mshale wa joto ulipanda nikiwa katikati ya mlima. Fundi alipofungua mfuniko wa oili alinionyesha, upande wa ndani, utando mzito wenye rangi ya chai ya maziwa. Gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo chembamba kati ya hedi (kifuniko cha juu cha injini) na bloku yake, ilikuwa imeungua, maji ya rejeta yalikuwa yakiingia kwenye oili, na hedi yenyewe, ambayo ni ya aluminiamu, ilikuwa imepinda kwa joto hata ikabidi ipelekwe kusawazishwa. Nilikwenda kwa shemeji nikiwa nimefura. Kumbe yeye hakuona kwamba alinificha kitu, kwa sababu kwa miaka miwili alikuwa akiongeza maji kila asubuhi kabla ya kuwasha, na kwake hilo lilikuwa jambo la kawaida kama kujaza mafuta. Nilimwamini, na bado namwamini, ingawa gharama zote nilizibeba peke yangu. Kwa hiyo usimuulize mjomba kama gari lina tatizo, maana atakujibu kwa moyo safi kwamba halina. Muulize huwa anafanya nini kabla ya kuondoka asubuhi, na ikiwezekana uwepo wakati injini inawashwa ikiwa bado ya baridi.

Mchangiaji wa pili
Naomba kumrekebisha kidogo mwenzangu: utando ule peke yake usikukimbize. Niliukuta kwenye gari la shangazi yangu, ambaye alikuwa akienda sehemu za karibu tu, kiasi kwamba injini haikupata joto la kutosha kukausha unyevu, nao ukaganda kwenye mfuniko. Fundi alichomoa kijiti cha oili akakuta oili haina maji, akapima presha ya mfumo wa kupozea injini, haikushuka, yaani haukuwa ukivuja. Kilichonigharimu ni uzee uliofichwa na kilomita chache. Matairi hayakuwa vipara hata kidogo, lakini tarakimu 4 za mwisho wa namba ya DOT, ile namba ya utengenezaji iliyochapwa ubavuni mwa tairi, zilisomeka 1409, yaani yalitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2009, na ukitazama kwa karibu ungeona mpira umejaa nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka. Mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu na pistoni za injini ziende kwa mpangilio, nao haukuwahi kubadilishwa, kwa kuwa shangazi alihesabu kilomita tu, ilhali kitabu cha gari kilikuwa kimeweka pia kikomo cha miaka. Mkanda huo ukikatika, katika injini nyingi valvu hugongwa na pistoni, na hapo bei ya kindugu haina maana tena. Nilibadilisha matairi na mkanda kabla ya safari yoyote ndefu, na gari linanihudumia vizuri mpaka leo.

Mchangiaji wa tatu
Kwangu gari halikuwa na kasoro, kasoro ilikuwa karatasi. Baba mdogo alinikabidhi funguo na kadi, nikamlipa kwa awamu bila kuandikiana chochote, na kila tulipokumbuka kubadilisha jina la mmiliki tulisema tutafanya mwezi ujao. Alipofariki, gari lilihesabiwa katika mirathi yake. Sikuwa na hata risiti moja ya kuwaonyesha watoto wake, ambao ni ndugu zangu na hawakuwa na nia mbaya. Walichojua ni kwamba gari la baba yao liko kwangu. Tulisikilizana baadaye, ila ule mwaka mmoja wa kutazamana kando sitaki kuurudia.

Mchangiaji wa nne
Mimi nilikuwa muuzaji. Mdogo wangu alilitumia miaka mitatu, na kila taa ilipowaka kwenye dashibodi alinipigia simu mimi kabla ya fundi. Kubalianeni mapema wajibu wa muuzaji unaishia siku gani.

Mwanzisha mada
Nashukuru. Nimempigia mjomba nikamuuliza kuhusu asubuhi zake, akacheka, kisha akaniambia kwamba huwa anaipasha moto injini kwa dakika 10 kwa sababu bila hivyo gia ya pili haiingii. Jumamosi nakwenda na fundi. Mjomba mwenyewe ndiye aliyesema tuje mapema, kabla hajaliwasha.